Imla ya Ukoo Mzima

Emerensiana alipoolewa Maguu akitokea Matiri, alikuja na masufuria, vitenge, jembe jipya na ugomvi wa muda mrefu na lugha ya Kiingereza.

Ugomvi huo ulianza kidato cha pili. Hesabu alifaulu. Kiswahili alifaulu mpaka insha yake ikasomwa mbele ya darasa. Kiingereza kikamwangusha kifudifudi. Si kwamba hakukielewa. Alikielewa, na hata kukisema alikisema kwa kujikongoja kama wenzake. Shida ilikuwa kukiandika. Yeye aliandika kila neno kama lilivyoingia sikioni, kwa moyo mweupe kabisa, na kila neno likamrudia limekatwa kwa wino mwekundu. Akarudia darasa, akaanguka tena, akarudi nyumbani kushika jembe. Tangu siku hiyo hakuna andishi la Kiingereza lililompita salama. Alisoma mifuko ya mbolea, alisoma chupa za dawa ya kahawa, alisoma fulana za watu kanisani wakati wa mahubiri, midomo ikichezacheza kama mtu anayenong'onezana na adui.

Basi mwaka huu chama cha ushirika cha kahawa cha kijiji kikatangaza kwamba kinatafuta karani wa mizani. Kahawa ilikuwa inauzwa moja kwa moja kwa wanunuzi wa nje, na karani alitakiwa aandike lebo za magunia na kujibu barua pepe za Kiingereza. Umri haukuwa tatizo, cheti hakikuwa lazima, mradi mwombaji awe mwanakijiji na ashinde imla ya Kiingereza. Afisa ushirika, Bwana Nathaniel, kijana mpole mwenyeji wa Dodoma aliyekuwa hajazoea baridi ya milimani, akampa kila mwombaji kijitabu chembamba cha maneno. Imla ingetoka humo humo.

Kwa Emerensiana hiyo haikuwa kazi tu. Kila msimu alisimama kwenye foleni na ndoo yake ya kahawa mbivu, akimtazama karani akihesabu kwa vidole, huku yeye ameshapata jibu zamani. Kilichomtenga na meza ile kilikuwa ni herufi. Alijua pia kwamba safari hii akianguka ndiyo basi, kwa kuwa nafasi kama hiyo haimpitii mkulima mara mbili.

Akaanza kujifunza kwa njia zake mwenyewe. Kwanza alikata vipande vya karatasi, akaandika majina ya vitu vya nyumbani kwa Kiingereza, akavibandika kwa uji mzito wa mahindi: mlango, kabati, ndoo, jiko. Lebo ya mbuzi ililiwa na mbuzi. Lebo ya mumewe, Erasmo, aliibandika mgongoni mwa koti kwa majaribio, akasahau kuibandua, na Erasmo akaenda nayo misa ya kwanza.

"Mke wangu," Erasmo alisema aliporudi, "leo watu wamenisalimia kwa Kiingereza. Kuna nini?"

"Geuka," akasema Emerensiana. Alipogeuka, mkewe akaona kwamba herufi ya mwisho ya "husband" imebanduka, imebaki njiani.

"Ona sasa, umepoteza herufi."

"Mimi? Mimi ndiye niliyevaa au ndiye niliyebandikwa?"

Njia ya pili ilikuwa kuyasoma maneno ya Kiingereza kama Kiswahili, herufi kwa herufi, ili yamkae kichwani kama yalivyoandikwa. Hii ilifanya kazi kidogo. Tatizo ni kwamba aliifanya kwa sauti shambani. "We-dine-si-dai! Ku-no-wele-dige!" Jirani wa bonde la pili akamwambia Erasmo kwa masikitiko kwamba mkewe ameanza kusali kwa madhehebu mengine.

Siku zikakaribia. Emerensiana akakonda, ugali ukaanza kuungua, na habari zikafika kwenye sengu. Sengu ni mlo wa ukoo: jioni watu wa nyumba zote za boma moja hukusanyika, wanaume upande wao na wanawake upande wao, wakala pamoja na kuzungumza yanayowasumbua. Mkuu wa sengu yao alikuwa baba mkwe wake, Mzee Bartholomayo, mtu mfupi, mwenye sauti ya kengele, ambaye hakuwahi kuona kazi isiyogawanyika.

"Mkamwana," aliita kutoka upande wa wanaume, "nasikia una shamba limekushinda."

"Shikamoo, baba. Si shamba, ni maneno. Ni mengi."

"Mengi kiasi gani?"

Emerensiana akatoa kijitabu kwenye upindo wa kitenge, akampa shemeji yake Ignatio amfikishie mzee kwa heshima. Mzee Bartholomayo akakipima kwa kiganja, akakigeuza, akapiga mluzi.

"Na ulitaka kulilima lote hili peke yako? Sisi tumekufa?"

"Baba, hii huwa inafanywa na mtu mmoja."

"Na ngoro huwa inachimbwa na mtu mmoja?" Hapo watu wote wakacheka, maana hakuna Mmatengo aliye timamu anayechimba mlima mzima wa ngoro, vile vishimo vya kilimo vinavyojipanga kama matundu ya sega, bila kuita ndugu zake kwenye ngokela. Watu huja na majembe, kila mmoja akashika kipande chake, na mwenye shamba kazi yake ni kupika na kupita kuwatazama.

"Tutafanya ngokela," akatangaza mzee, na kabla Emerensiana hajafumbua mdomo, kijitabu kikaanza kuchanwa. Krrr! Ukurasa huu wa wifi yake Luisa. Krrr! Huu wa Ignatio. Krrr! Erasmo, chukua, na ulegevu wako. Shangazi Rosina alipata wake, binamu wakapata zao, na hata waliochelewa kufika wakawekewa, kama wanavyowekewa nyama. Ukurasa wa mwisho Mzee Bartholomayo aliukunja, akautia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo.

Emerensiana akabaki na jalada.

Alimtazama mumewe. Erasmo akainua mabega. Amri ya mzee wa sengu hairudishwi, na kumwambia baba mkwe kwamba amekosea ni jambo ambalo mkamwana hafanyi, hata nyumba ikiwa inaungua.

Basi ngokela ikaanza, na kama ilivyo desturi, mwenye shamba akapika. Kila jioni Emerensiana alibeba togwa, akapita nyumba kwa nyumba kuwatazama wafanyakazi wake. Hakuwa na la kufanya zaidi ya kuwanywesha na kuwasikiliza. Na ndugu zake, lazima tuseme haki, walichapa kazi.

Wifi yake Luisa alijifunza kwa mchi na kinu. Kila herufi pigo moja. Herufi ikijirudia, mapigo mawili ya harakaharaka. Neno "committee" lilimpendeza kuliko yote. "C! O! M-M! I! T-T! E-E!" Mahindi yakageuka unga, unga ukageuka vumbi, na bado hajafika mwisho wa ukurasa.

"Wifi, hili neno lina mapacha mara tatu," alisema akihema. "Aliyelizaa alipata tabu."

Ignatio alijifunza kwa miguu. Alisimama kwenye ngoro, akaruka kutoka shimo hadi shimo, herufi moja kila shimo. "Weight" ilimpeleka mashimo sita mteremkoni, na kila alipofika kwenye G na H aliteleza.

"Shemeji, G na H hapa zinafanya kazi gani?"

"Zimenyamaza, shemeji."

"Zimenyamaza halafu zimechukua mashimo mawili! Maharage yangu yangepandwa wapi?"

Suala la herufi zinazonyamaza lilimalizwa na Shangazi Rosina. Yeye hakujua kusoma; maneno alisomewa na wajukuu, akayashika kwa tasbihi, punje moja herufi moja. Alipofika kwenye P ya "receipt" akashika punje ile muda mrefu.

"Huyu P hasemi?"

"Hasemi, shangazi."

"Lakini yupo."

"Yupo."

"Ahaa." Shangazi akatabasamu kwa ufahamu mkubwa. "Huyu ni mkwe. Yupo mbele ya mama mkwe wake. Anaonekana, lakini hathubutu kufungua mdomo. Ukimwondoa, ndoa imevunjika." Na kuanzia hapo kila alipofika kwa herufi ya namna hiyo aliinamisha kichwa kidogo kwa heshima, akapita.

Erasmo, mvivu wa boma, alitunga sentensi. Kwa neno "business" alikuwa na hii: Bibi Usilie, Sufuria Ipo Nyumbani, Embu Songa Sasa. Aliisema kwa uchungu, kana kwamba bibi huyo anamjua, na mara ya kwanza alipoisema Luisa alitokwa machozi.

Kila aliyekosea, Emerensiana alimsahihisha kwa kuutazama ukurasa, akamjazia togwa, akamwambia arudie. Palipokuwa na ubishi aliamua yeye. Nyumba moja tu hakuthubutu kuuliza. Alifika kwa Mzee Bartholomayo, akapiga goti, akaweka togwa mezani, akasema kwa kuzungukazunguka kwamba wengine wote wameshaonyesha maneno yao.

"Ni vizuri," akasema mzee.

"Na ya kwako, baba?"

Mzee akapiga mfuko wa shati. "Yako salama."

"Ningemwambia nini tena?" Emerensiana alimuuliza Erasmo walipokutana njiani. "Mkamwana amwambie baba mkwe: haya, simama, niandikie neno?" Erasmo alifikiri, akakubali kwamba hata yeye, mtoto wa kuzaa, asingesema hivyo.

Siku ya imla Emerensiana alifika kwenye ghala la chama amevaa gauni la Pasaka. Waombaji wengine walikuwa wachache, na aliyemwogopesha zaidi alikuwa Glorious, binti wa kijiji aliyetoka chuoni Songea, mwenye kucha nzuri na kicheko cha karibu. Wakaketi. Bwana Nathaniel akajikunja ndani ya koti lake, akafungua karatasi. Wakati huo huo nje ya dirisha kukasikika mikeka ikitandikwa.

Ukoo ulikuwa umefika. Ulikuwa umefika wote, pamoja na sufuria ya maharage, kwa maana hakuna mtu anayelima kipande chake siku zote hizo halafu asionekane siku ya kuvuna.

"Neno la kwanza," akasema Bwana Nathaniel. "Committee."

Kalamu zikasimama hewani. Na kutoka nje, Luisa, ambaye mwili wake ulikuwa umezoea kulijibu neno hilo, akakanyaga chini kwa kisigino. "C! O! M-M!"

"I!" wakaitikia wengine, maana wimbo ukishaanza haukatwi.

"T-T! E-E!"

Kalamu zote ndani zikaandika kwa kasi.

"Nani huyo?" akauliza Bwana Nathaniel. Akakohoa. "Neno la pili. Weight."

Nje, Ignatio alionekana kupitia dirishani akiruka: akaibuka, akazama, akaibuka, akazama, huku akitaja herufi.

"Samahani, baba," Glorious akaita dirishani, "hiyo ya tatu umeruka haraka, sijaipata."

"I, binti!"

"Asante sana!"

Bwana Nathaniel akaweka karatasi chini, akatoka nje. Waombaji wote wakasogea mlangoni kusikiliza.

"Shikamooni, wazazi."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mzee Bartholomayo. "Karibu maharage."

"Mzee, humu ndani kuna mtihani."

"Tunajua. Ndiyo maana tumekuja."

"Mtihani unafanywa na mtu mmoja mmoja. Hasaidiwi."

Mzee akamtazama kwa huruma ya kweli. "Na ninyi huko ofisini, kazi mnafanya hivyo hivyo? Mmoja mmoja?"

Bwana Nathaniel akasema kwa adabu kwamba imla imefutwa, kwamba itarudiwa wiki ijayo huko Ngumbo, kando ya ziwa, ambako alikuwa na kazi nyingine na wavuvi, na kwamba mwombaji atakayeonekana na ndugu hata mmoja atakuwa amejiondoa mwenyewe.

Hapo ndipo Emerensiana alipopiga hesabu yake. Ndugu zake walikuwa na maneno. Yeye alikuwa na jalada. Akaomba kurasa zirudishwe, lakini ule wa Luisa ulikuwa umesagika na mahindi, wa Ignatio ulikuwa umezikwa shimoni kuashiria herufi ya kwanza, na ule wa Erasmo, kwa taarifa yake mwenyewe, "ulitumika." Hakueleza ulitumika wapi na hakuulizwa.

Aliteremka Ngumbo peke yake, kwenye gari la wafanyabiashara wa usipa, wale dagaa wa ziwani, akishika bomba la gari kwa mikono yote miwili kila kona. Kule chini kulikuwa na joto, na hewa nzima ilinuka samaki waliokuwa wakikauka juu ya chanja. Imla ilifanyika kwenye ofisi ndogo ya wavuvi. Bwana Nathaniel, safari hii bila koti, alianza kwa kutoa kichwa dirishani. Wanawake kadhaa walikuwa wanageuza usipa.

"Jamani, kuna ndugu wa mtu yeyote hapa?"

"Sisi wote ndugu, baba," akajibu mmoja. "Ila hao wa milimani hatuwajui."

Akaridhika. "Neno la kwanza. Business."

Emerensiana alifunga macho. Giza tupu. Halafu katika lile giza akamsikia Erasmo, kwa uchungu wake wote, akimbembeleza bibi asilie kwa kuwa sufuria ipo nyumbani. Akaandika. Akatazama alichoandika. Kilionekana kama neno.

"Receipt."

Punje zikapita vidoleni, na alipofika kwa yule mkwe akainamisha kichwa kwa heshima, akapita.

Ndipo ikamjia, polepole, kama jua linavyopanda Maguu: shamba lile lote alikuwa amelipita. Kila jioni, kila nyumba. Luisa alijua ukurasa wa Luisa na Ignatio wa Ignatio, lakini aliyewasikiliza wote, akawasahihisha wote, akakata ubishi wa wote, ni yeye mwenye togwa.

Kuanzia hapo hakuzuilika. Aligonga meza kwa ngumi, pigo moja moja, na ya haraka kwa mapacha. Alirusha miguu chini ya meza, shimo hadi shimo, mpaka kiatu kimoja kikamtoka. Jirani yake akasogeza kiti.

"Mama," akasema Bwana Nathaniel, "unaongea na nani?"

"Na shemeji Ignatio, baba."

Bwana Nathaniel akainama kutazama chini ya meza. "Nilisema mtu asije na ndugu."

"Sijaja naye. Yuko Maguu, ameteleza kwenye G."

Glorious akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kiganja. Bwana Nathaniel alimtazama Emerensiana, akawatazama na wale wanawake waliokuwa wakigeuza usipa nje, kisha akaamua kwamba hakuna kanuni ya ushirika inayomkataza mtu kuteleza akiwa mbali. Akaendelea kusoma.

Mwishoni yakaja maneno mawili ambayo hakuna aliyemsemea. "Parchment. Moisture." Emerensiana alisubiri. Alisikiliza kwa Luisa, kwa shangazi, kwa binamu wote. Kimya. Akaelewa: yalikuwa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Akayaandika kama alivyoyaandika maneno yote ujanani, kama yalivyoingia sikioni, akaweka kalamu chini.

Matokeo yalisomwa hapo hapo, upepo wa ziwa ukipeperusha karatasi. Emerensiana wa kwanza: yote sahihi isipokuwa mawili. Glorious akamfuata kwa karibu sana, akamkumbatia, akaomba ampelekee salamu yule mama wa kisigino.

"Haya mawili, mama," Bwana Nathaniel alimuuliza, "yalikuwaje? Hayafanani na mengine kabisa."

"Hayo ni ya baba mkwe," akajibu Emerensiana, na alipoona afisa hajaelewa, akaongeza: "Hapimwi."

"Aa," akasema Bwana Nathaniel, ambaye naye alikuwa ameoa. Akampa mkono, akamwambia aripoti Jumatatu.

Jioni aliporudi Maguu sengu ilikuwa imejaa. Alipowaambia amepata, vigelegele vikapaa hadi bonde la pili, na kabla havijatua kila mtu akaanza kuuliza habari za kipande chake.

"Yangu yalitoka?"

"Yalitoka, wifi. Pigo kwa pigo."

"Na yangu?"

"Sikuteleza, shemeji."

"Na mkwe wangu?" akauliza Shangazi Rosina.

"Alikuwepo, shangazi. Alinyamaza."

Kisha kutoka upande wa wanaume sauti ya kengele ikauliza: "Na ya kwangu?"

Emerensiana aliona shati la mzee, mfuko umevimba kidogo, karatasi bado imekunjwa vilevile, safi, haijawahi kufunguliwa hata siku moja. Erasmo alianza kukagua kucha zake.

Akapiga goti.

"Ya kwako, baba," akasema, "hawakuyauliza."

Mzee Bartholomayo alitafakari jibu hilo. Alivuta stuli mbele, akajiweka sawa, akawatazama wanawe na wajukuu zake mmoja baada ya mwingine, uso ukimnawiri.

"Waliogopa," akasema, akanyoosha mkono kwenye ugali.